Askofu Steere na Kazi ya Kila Siku

Mtu anayetoka Darajani kuelekea Mkunazini huuona mnara wa Kanisa Kuu la Kristo kabla hajauona mlango wake. Wageni husimama pale makundi kwa makundi, wakapiga picha, wakasikiliza habari za soko la watumwa lililokuwa mahali hapo, kisha wakaenda zao. Sisi wenyeji hupita tu. Mmoja anakwenda sokoni, mwingine anawahi ofisini, na wa tatu ana mgonjwa hospitali. Aliyelijenga kanisa hilo amelala humo humo ndani, nyuma ya madhabahu, tangu Agosti 1882, na ni wachache mno kati yetu wanaoweza kumtaja kwa jina lake kamili, Edward Steere, au kusema alitoka wapi na alikuja kutafuta nini.

Tumeona leo tuseme habari zake. Hatufanyi hivyo kwa kutaka kumvuta msomaji upande wa dini hii au ile, kwani visiwa hivi vina dini yake iliyotangulia, na wasomaji wetu walio wengi ni Waislamu. Tunafanya hivyo kwa ajili ya swali moja linalowasumbua watu wengi wenye kazi za umma. Karani wa wilaya anayejaza daftari lisilosomwa na mtu, mwalimu wa shamba ambaye wanafunzi wake huhama kabla hajajua wamekuwa nini, mkunga wa zahanati ya kijijini, bwana shamba anayeshauri wasiotaka kushauriwa: watu hawa wapate wapi yakini ya kuamka asubuhi, siku baada ya siku, kwenda kwenye kazi ambayo matunda yake huenda wasiyaone? Steere alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa jibu la Mkristo. Aliliishi kwa miaka 18 tangu siku alipokanyaga kisiwa cha Unguja.

Alizaliwa London mwaka 1828. Hakulelewa awe padri. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akafika daraja ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akaruhusiwa kusimama mahakamani kuwa wakili. Kwa kijana wa umri wa miaka 22 katika Uingereza ya zama zile, hiyo ilikuwa njia iliyonyooka ya kupata mali na heshima. Steere aliifuata kidogo, kisha akaiacha. Wenzake walioutaka upadri walikwenda kusoma Oxford au Cambridge. Yeye aliufikia kwa kuzunguka, akijaribu kwanza kuishi na vijana wachache katika udugu wa sala na kazi, jaribio ambalo halikudumu. Alipata ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858. Mwaka huo huo wa 1858 alioa.

Katika miaka hiyo ya kutafuta njia alijishughulisha na kitabu kimoja ambacho, kwa maoni yetu, ndicho ufunguo wa maisha yake yote. Ni kitabu cha Askofu Joseph Butler, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1752, kinacholinganisha dini na mwenendo wa maumbile. Steere alikitoa upya mwaka 1857, akakiwekea maelezo na faharasa. Hoja ya Butler si rahisi, lakini kiini chake chaweza kusemwa kwa maneno machache. Mwanadamu hapewi uthibitisho kamili kabla ya kutenda. Mkulima hupanda bila ya hakika ya mvua, na nahodha hung'oa nanga bila ya hakika ya bandari. Kila mmoja hupewa dalili za kutosha kumpasa atende, na mwenye akili hutenda kwa dalili hizo. Mambo ya dini, alifundisha Butler, yamo katika kanuni hiyo hiyo. Anayengoja mpaka shaka zote ziishe hatasali hata siku moja, wala hatafanya jema lolote.

Wakili huielewa hoja ya namna hii upesi kuliko mtu mwingine, maana mahakama nazo huamua kwa ushahidi uliopo. Steere aliikubali, akaibeba moyoni. Kwa hiyo msomaji asitazamie kupata katika maisha yake habari za maono, wala za sauti kutoka mbinguni, wala za usiku mmoja uliobadili kila kitu. Yakini yake ilikuwa ya siku moja moja. Alipewa nuru ya kuonyesha hatua iliyo mbele ya mguu wake, akaipiga hatua hiyo, na kesho yake akaamka akaipiga nyingine.

Miaka michache aliishi kama kasisi wa vijijini katika jimbo la Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare yenye wakulima na wavuvi. Watu wa pale walimpenda kwa kuwa alivua koti akafanya kazi, na alipohubiri walimwelewa. Jirani yake katika utumishi alikuwa kasisi mwingine, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer alifanywa askofu, akapelekwa Afrika ya Kati kuongoza misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya mwito wa David Livingstone. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikuwa amekwisha kufa kwa homa mwaka 1862, na wenzake kadhaa pamoja naye. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda, amsaidie kutengeneza mambo, halafu arudi kwa mke wake na kanisa lake dogo.

Hakurudi kama alivyokusudia. Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo vitabu vya sifa hupenda kulipita upesi. Mke wake alibaki Uingereza, na afya yake ilikuwa mbovu. Katika miaka iliyofuata Steere alikwenda na kurudi, akakaa Uingereza kati ya mwaka 1868 na 1872, kisha akaitwa tena na kazi. Wito wa mtu mmoja una gharama, na gharama ya wito huu hakuilipa yeye peke yake. Alijua hivyo. Hatudhani kwamba aliwahi kupata jibu la kumtuliza kabisa juu ya jambo hilo, na hatutalitunga kwa niaba yake.

Mwanzo wenyewe wa kazi ulikuwa kushindwa. Tozer na Steere walifika bonde la mto Zambezi mwaka 1863, wakapanda mlima wa Morambala, karibu na mahali ambapo mto Shire huingia Zambezi. Mlima ule ulikuwa na ukungu na baridi na watu wachache. Nchi ya bondeni ilikuwa imeharibiwa na vita, njaa na biashara ya watumwa. Baada ya miezi michache Tozer aliamua kuondoka, akaichagua Zanzibar kuwa mlango mpya wa kuingilia bara. Livingstone alikasirika, akawaona kama askari waliokimbia kabla ya kupigana. Na kwa kweli, kwa macho ya mtu wa nje, lilikuwa tendo la aibu: misheni iliyoundwa kwa ajili ya Ziwa Nyasa imejikuta katika mji wa pwani, chini ya Sultani, katikati ya watu waliokwisha kuwa na dini, misikiti, makadhi na elimu.

Waliingia bandari ya Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Sultani Majid bin Said aliwapokea vizuri, na punde akawakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hiyo ndiyo ilikuwa misheni nzima: askofu na wenziwe waliokwisha kushindwa mara moja, na watoto watano ambao hawakujua lugha ya walezi wao wala walezi hawakujua yao. Mmoja wa watoto hao alikuwa John Swedi, ambaye tutamtaja tena.

Mtu wa tabia nyingine angeandika barua nyingi za kujitetea kwa Livingstone. Steere aliketi kujifunza Kiswahili. Hiyo ndiyo hatua aliyoiona mbele yake, akaipiga. Alikaa na watu wa mji, akauliza, akaandika, akasahihishwa, akaandika tena. Wenyeji wa Shangani na mitaa mingine walimsimulia hadithi, naye alizichukua kama zilivyotoka midomoni mwao. Mwaka 1870 vitabu viwili vilitoka London. Kimoja ni mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja, ambacho vizazi vya maofisa na wageni vilijifunzia lugha hii. Kingine ni mkusanyo wa hadithi, na ndani yake mna kisa cha Sultani Darai, hadithi ya punda wa dobi na habari za Liongo. Hadithi hizo ni za bibi zetu. Kama si yule wakili aliyeacha mahakama, baadhi yake pengine zingalizikwa pamoja na wasimulizi.

Mmoja wa walimu wake anastahili kutajwa kwa heshima. Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alikuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja katika karne ile. Alimsaidia Steere kuipata Zaburi katika Kiswahili safi, na wawili hao walijadiliana mambo ya dini kwa muda mrefu bila ya mmoja kumgeuza mwenziwe. Kadhi alibaki Mwislamu, na kasisi alibaki Mkristo. Tunapenda kulitafakari jambo hili. Imani yenye wasiwasi huogopa kukaa na mwenye kupinga. Hupaza sauti, au hukimbia. Mtu ambaye kila asubuhi amejua kwa nini ameamka anaweza kuketi barazani na mwanachuoni anayemzidi kwa Kiarabu, akajifunza kwake neno la toba, neno la rehema na neno la neema, akamshukuru, na jioni akaenda zake kusali sala zake.

Maneno hayo, tena, ni ushahidi wa namna alivyofanya kazi. Alipoanza kutafsiri Injili hakujitungia lugha ya kanisa pembeni. Alichukua imani, dhambi, nabii, malaika, sala na Mwenyezi Mungu kama watu wa Unguja walivyoyasema. Injili ya Mathayo ilitangulia, vitabu vingine vikafuata kimoja kimoja, na kazi ya Agano Jipya zima ilimchukua miaka mingi. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na Steere aliifahamu kazi ya uchapaji. Vijana waliotolewa majahazini walifundishwa kupanga herufi za risasi, na kurasa za kwanza zikachapwa papa hapa Unguja kwa mikono yao.

Hata hivyo tutakuwa tunamsifu kupita kiasi tusipotaja hasara moja. Wakati ule Waswahili walikuwa na maandishi yao kwa herufi za Kiarabu, nao waliandika kwayo tenzi, barua na hati kwa karne nyingi. Steere na wenziwe waliitia lugha katika herufi za Kirumi, na serikali za kikoloni zilizokuja nyuma yao zikaifanya hiyo kuwa sheria. Faida yake tunaiona: waraka wa serikali ulioandikwa Chake Chake husomwa Mwanza bila ya taabu. Lakini watoto wetu hawawezi tena kuisoma barua ya babu wa babu yao iliyo sandukuni. Hatumlaumu mtu mmoja kwa jambo lililofanywa na wengi, ila ni haki lisemwe.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Mtu huyu aliyapata wapi mafuta ya taa yake? Kanisa la Kiingereza lina kitabu cha sala ambamo Zaburi zote 150 zimegawanywa katika siku 30 za mwezi, sehemu ya asubuhi na sehemu ya jioni. Mwezi ukiisha, mtu huanza tena. Sala hizo hazingojei mtu awe na moyo wa kusali. Siku ya homa ina Zaburi yake, na siku ya kuzika ina yake. Siku ile barua inapofika kutoka Ulaya yenye habari mbaya, sehemu ya jioni iko pale pale, imekwisha kupangwa. Steere aliishi ndani ya mpango huo, na makasisi na vijana wa misheni pamoja naye. Wako watu watakaosema kwamba dini ya namna hiyo ni mazoea matupu. Sisi tunaona kwamba mazoea ndiyo yaliyombeba siku ambazo moyo wake haukuwa na nguvu za kubeba kitu chochote, na katika hali ya hewa ya Unguja ya zama zile siku hizo zilikuwa nyingi. Kati ya wazungu waliokuja na misheni, wengi walikufa katika mwaka wa kwanza au wa pili. Katika mwaka 1872, ambao ndio mwaka wa kile kimbunga cha tarehe 15 Aprili kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, misheni ilikuwa karibu kufa. Tozer, akiwa mgonjwa, aliacha kazi. Steere alibaki na watu wachache sana, na majengo yaliyohitaji kuinuliwa.

Ndipo lilipokuja jambo la soko. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza usafirishaji wa watumwa baharini na kuyafunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini likawa kiwanja kitupu. Sehemu yake moja ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni kwa fedha zake, na nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi wa mjini. Siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Kabla kuta hazijapanda, Steere alihubiri pale pale katika kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, na watu wa mji walikuja kumsikiliza na kubishana naye. Wengi walikuja kwa udadisi, na waliobatizwa walikuwa wachache mno.

Ujenzi ulichukua miaka. Steere aliusimamia mwenyewe, siku kwa siku, akiwa na waashi wa hapa na vijana waliotoka utumwani. Paa alilolitaka lilikuwa la ajabu: kuba ndefu isiyo na boriti, ya mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa na kuchanganywa na saruji. Walikuwapo wengi waliotabiri kwamba litawaangukia waumini. Halikuanguka. Waongozaji wa wageni husimulia juu ya nguzo fulani zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu wakati Askofu alipokuwa safarini, na kwamba aliporudi aliziacha hivyo hivyo. Inasimuliwa vile vile kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usiupite kwa urefu ule wa kasri yake. Juu ya mahali pa madhabahu mapokeo yanasema kwamba ndipo uliposimama mti wa kuwapigia watumwa. Jengo lilihitaji kutibiwa katika siku zetu, na ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2016.

Kufunga soko hakukuwa kufunga utumwa. Watumwa waliokuwa tayari mashambani Unguja na Pemba walibaki watumwa, na hali hiyo haikuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897, miaka 15 baada ya Steere kufa. Wapagazi wa njia za siri waliendelea kupitisha watu usiku. Ingekuwa rahisi kwa mtu wa misheni kusimama juu ya kiwanja kile akatangaza ushindi. Steere alijua hesabu halisi. Kila jahazi lililokamatwa na manowari za Kiingereza lilileta ufukweni watu wengine walio mifupa mitupu, na swali lilikuwa lile lile: walale wapi leo, wale nini, nani ajuaye lugha yao. Shamba la Mbweni liliwapokea watu wazima wakajengewa nyumba na kupewa vishamba. Wavulana walikuwa na shule yao Kiungani.

Mwaka 1874 alifanywa askofu huko Westminster, London, tarehe 24 Agosti. Hakuutamani uaskofu, na kwa muda alitumaini kwamba atapatikana mwingine. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuitazama tena bara ile ambayo yeye na Tozer walishindwa kuifikia. Mwaka 1875 alitoka Lindi kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao, katika nchi ambayo sasa ni ya Msumbiji. Ile aibu ya Morambala, iliyokuwa na umri wa miaka 11, aliijibu kwa safari hiyo bila ya kumwandikia mtu hoja.

Mwaka uliofuata aliongoza safari nyingine kutoka Lindi, na tunaiona kuwa ndiyo tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, kuliko hata kanisa. Watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, ambao walipitishwa njia ile wakiwa wamefungwa minyororo kuja pwani, waliomba warudi kwao. Walirudi wakiwa huru, wamebeba mizigo yao wenyewe. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 140, penye milima ya mawe na maji na ardhi nzuri, walisema hapa panatosha. Baadhi yao waliitambua nchi. Askofu angeweza kushikilia mpango wake. Aliwasikiliza. Viwanja vikapimwa, nyumba zikaanza kuinuliwa, akamwacha kijana William Percival Johnson pamoja nao, naye akarudi Unguja kwenye tafsiri yake na kuta zake.

Jambo hili la kuwasikiliza lilitokana na fikira aliyokuwa nayo tangu zamani. Aliamini kwamba kazi ya misheni haikuwa kuwafanya Waafrika kuwa Wazungu wenye ngozi nyeusi, na kwamba Kanisa la nchi hizi litasimama tu likiwa mikononi mwa watu wa nchi hizi. Hatusemi kwamba misheni yake iliifuata fikira hiyo kila siku. Mbweni bwana wa shamba alikuwa bado ni mgeni, na waliokombolewa walikuwa bado wakiamuliwa mengi. Hata hivyo mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, yule mtoto aliyetolewa jahazini mwaka 1864. Ilimchukua miaka 15 kumfikisha mtu mmoja kwenye ushemasi. Afisa wa mipango angeandika pembeni ya taarifa kwamba mradi huu hauna tija.

Mapema mwaka 1882 Steere alikwenda Uingereza akiwa amechoka. Madaktari na marafiki walimsihi akae. Alirudi Unguja Agosti hiyo, akaonana na watu wake, na hazikupita siku nyingi akafariki usingizini, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa katika kanisa lake. Mwaka ule ule ilitoka kamusi ya Kiswahili cha Mombasa ya Johann Ludwig Krapf, naye pia alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Wazee wawili waliolitumikia neno la Kiswahili kwa sababu ya Neno jingine waliondoka karibu pamoja.

Habari iliyofuata hakuisikia, na baadhi ya marafiki zake waliona kuwa ni rehema. Katika Septemba 1882, majuma machache baada ya maziko, wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliushambulia mji wa Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na baadhi ya wale waliorudi kwao wakiwa huru wakachukuliwa mateka tena. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa mahali pale, alifuatilia kuwakomboa aliowapata. Waliosalia walitawanyika, wengine wakaenda Newala. Mtu angeweza kusema kwamba kazi ya Steere ilikuwa imekufa pamoja naye.

Mwaka 1883 Agano Jipya lake lilitoka London, limekamilika. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, kijana wa Kiungani aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Ruvuma, alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilipatikana mwaka 1891. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakaichagua lugha ya Unguja, ile iliyoandikwa na Steere barazani kwa Washangani, iwe msingi wa Kiswahili cha shule na serikali. Masasi ilijengwa tena, watu wakarudi, na hatimaye ikawa makao ya dayosisi. Johnson, yule kijana aliyeachwa pale mwaka 1876 kati ya nyumba zisizoezekwa, aliendelea kuitumikia nchi ya Ziwa Nyasa mpaka alipofariki mwaka 1928, akiwa mzee aliyepoteza sehemu kubwa ya nuru ya macho yake, bado akisoma sehemu ya asubuhi na sehemu ya jioni.